Mfuko Unaomngoja Bwana Subiri

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi wa sita, mkuu wa Chumba cha Mikono katika hospitali yetu anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Koti lenyewe limemwishia kiunoni kama la mtoto aliyerefuka ghafla, na sababu ninaijua. Kila mwaka nilimwita aje stoo nimpime upya, na kila mwaka alijibu kwamba hana muda wa kusimama. Mtu huyo huyo, asiyeweza kusimama tuli apimwe bega, ndiye aliyewaambia wagonjwa wake neno moja tangu asubuhi mpaka jioni: subiri. Ndiyo maana jina la kwenye beji yake halijulikani na yeyote. Ni Bwana Subiri kwa mlinzi wa getini, ni Bwana Subiri kwa mganga mkuu, na ni Subiri kavu, bila Bwana, kwa mkewe Mama Pacha akiwa amekasirika.

Karani wa utumishi aliniagiza niandike sifa za kugawiwa ukumbini siku ya kumuaga, kwa adabu, nisizidishe ukurasa mmoja. Sifa zipo na tutazifikia. Adabu nitajitahidi. Ukurasa mmoja asahau. Nimekaa katika Stoo ya Nguo, mlango unaotazamana na Chumba cha Mikono, tangu Bwana Subiri alipofika hapa akiwa mwembamba kama fimbo ya pazia. Vitambaa vyote vya kufungia mikono shingoni nimevishona mimi, na kelele zake zote zimepitia masikioni mwangu. Kama kuna mtu wa kumsifu mzee huyu bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ni mimi.

Kwanza mjue kazi yake, maana wengi wenu mnapita mlango ule mkidhani ndani watu wanacheza na maharage. Mtu akikatwa mkono na msumeno, au kioo, au panga, ngozi hufunga haraka. Jirani anamwona, anasema umepona. Kumbe ndani mshipa wa fahamu umekatika, ule unaopeleka habari kati ya vidole na kichwa. Vidole vipo, vimepangwa vizuri, lakini havina habari na mtu. Daktari mpasuaji anaweza kuziunganisha zile ncha mbili kwa uzi mwembamba kuliko unywele, akichungulia kwenye hadubini. Lakini kuunganisha siyo kupona. Kipande cha mbele, kile cha upande wa vidole, kinakufa. Mwili unafagia uchafu wake, linabaki ganda tupu kama bomba lililokauka. Kisha kutoka nyuma, penye uhai, mshipa unachipua na kuanza kutambaa mle ndani ya ganda la zamani, taratibu, siku nzima unasogea unene wa kucha. Hausukumwi wala hauhongwi. Ukiupigia kelele hausikii.

Hapo ndipo anapoingia Bwana Subiri na neno lake. Anakigonga kifundo cha mkono kwa kidole, tap, tap, anapanda kuelekea kiganjani, na mahali mgonjwa anaposhtuka kama amerushwa na umeme, anapiga alama kwa kalamu ya wino. "Kichwa cha mshipa kimefika hapa. Mwezi ujao njoo tuone kimelala wapi." Mgonjwa akiuliza lini atashika kijiko, jibu mnalijua.

Sasa mtu wa subira namna hiyo mngetegemea akae nyumbani ametulia kama maji ya mtungini. Thubutu! Bwana Subiri hajawahi kungoja chai ipoe; ameunguza ulimi kila siku ya kazi, na kila siku amemlaumu mpika chai. Lifti ikichelewa anapanda ngazi, halafu anafika juu anahema na kugombana na waliopanda lifti kwa nini wamemtangulia. Kwenye foleni ya benki alishaambiwa na mama mmoja mjamzito, "Baba, hata mimi nina mzigo, na wangu unapiga mateke." Hadithi akisimuliwa anaurukia mwisho. Mkimpa karatasi yenye kurasa nne, anaanza na ya nne. Nyani haoni kundule, na huyu wetu hata kioo akiletewa anasema hana muda wa kujitazama.

Lakini chumbani mwake, na hapa ndipo sifa zinapoanza, alikuwa mtu mwingine kabisa. Ukiacha mdomo.

Yeye ndiye aliyeleta ule mfuko. Alinijia stoo akataka nimshonee mfuko wa kitambaa kizito cheusi, mdomo wake uwe na mpira, ili mkono uingie na jicho lisiingie. Ndani alitia ufunguo, kifungo cha shati, harage, sarafu, kifuniko cha soda na gurudumu la uzi alilolichukua kwangu bila kuomba. Kanuni ni moja: mgonjwa anafumba macho, anaingiza mkono wake mbovu, anatajiwa kitu na kukitoa. Kwa sababu mshipa ukishafika kwenye vidole kazi haijaisha, ndiyo kwanza imeanza. Nyuzi zake haziingii kila moja mlango wake wa zamani. Uliokuwa wa kidole gumba unaingia kidole cha kati, wa cha kati unahamia kwa jirani. Unaguswa hapa, kichwa kinasikia pale. Bwana Subiri aliwaeleza hivi: "Ni mtaa uliohamiwa na wapangaji wapya. Posta bado ina anwani za zamani. Mshipa umefanya kazi yake, sasa mfundishe mtu wa posta." Na mtu wa posta, yaani kichwa chako, hafundishwi kwa hotuba. Anafundishwa kwa maharage, vifungo na kurudiarudia mpaka uchoke, halafu urudie.

Mgonjwa akifaulu mfuko mzima, anaondoka na kitu kimoja alichokitoa, na faili lake linafungwa. Hakuna aliyewahi kufungiwa faili bila mfuko. Mwokaji mikate wa barabara ya pili, aliyekatwa na mashine ya kukandia, alihangaika na mfuko ule mpaka akaapa hatakanyaga tena hospitali. Bwana Subiri alimfuata mpaka kwenye tanuri, na mfuko chini ya kwapa, wateja wamesimama foleni. "Mikate yako ni migumu kama tofali," akamwambia mbele yao, "kwa sababu hujui unga umelainika au la. Ingiza mkono." Mwokaji alitamani kumwoka. Leo mikate yake ni laini, na ile sarafu aliyoitoa mfukoni ameitundika juu ya tanuri.

Wajanja nao walikuwepo. Kuna fundi magari aliyekuwa akiutikisa mfuko kidogo asikie ufunguo unalia wapi. Bwana Subiri alimpiga kofi la mgongo likasikika mpaka kwangu. "Fundi wee! Nimekwambia uone kwa vidole, siyo kwa masikio! Mshipa wako utasema nini, kwamba umeajiri kibarua?" Kumbukeni kofi hilo, tutalirudia.

Na hakuwa mwongo. Hili naliandika bila mzaha. Aliletwa kijana mmoja aliyeanguka kutoka kwenye jengo, uti wa mgongo umekatika, ndugu zake wamejaa mlangoni wanataka kusikia kwamba mishipa huota. Bwana Subiri aliwakalisha. Akawaambia kuwa ile ya mikononi na miguuni huota, lakini ya ndani ya uti ina tabia nyingine. Mwili huweka kovu pale na kuzuia njia, na wataalamu duniani bado wanahangaika nayo. Kwa huyo hakusema subiri. Mama wa kijana alimlaani kwa maneno ambayo mimi, na ulimi wangu huu, siwezi kuyaandika. Aliyapokea yote akiwa amesimama. Kisha akamfundisha kijana kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu kwa nguvu za mikono, wiki baada ya wiki, na yule mama ndiye aliyemletea mkufunzi huyo mbaya soksi za kufuma. Anazo mpaka leo. Zina mashimo, kwa sababu hana muda wa kuniletea nizizibe.

Tena kuna hili. Mimi sikukalia dawati la shule hata siku moja. Chumbani kwake kuna trei ya mchanga ambayo wagonjwa huchora maumbo kwa kidole. Saa za mapumziko alinikuta nimesimama pale natazama herufi alizoziacha mtu, akaniuliza kama nazijua. Nikamwambia ninazijua kama ninavyowajua mabalozi, kwa kuwaona wakipita. Basi akanivutia kiti. Herufi moja moja, mchangani, anachora, nafuata kwa kidole, anafuta. Nilipokosea alinitukana kama mgonjwa mwingine yeyote, na nilipotaka kuacha alisema subiri. Mstari huu mnaousoma umetoka kwenye trei ile. Kwa hiyo msinilaumu mimi kwa yatakayofuata. Alijitafutia mwenyewe.

Sasa tufike dirishani.

Dirisha la Chumba cha Mikono liligoma kufunga msimu wa mvua wa mwaka jana. Seremala wa hospitali aliitwa. Akasema, kwa upole, "Bwana mkubwa, subiri, namalizia mlango wa wodi ya watoto." Wanaume wengine wangeona aibu kukataa neno lao wenyewe. Bwana Subiri akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, akalipiga dirisha kwa kiganja cha mkono wa kulia. Kioo kikapasuka. Kipande kikamwingia kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani, pale pale alipozoea kuwagonga watu tap, tap.

Nilifika wa kwanza na shuka mkononi. Alikuwa ameketi sakafuni, damu imejaa mapajani, anajigusa ncha ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayegonga milango ya nyumba iliyohamwa. Akanitazama. "Bibi," akasema, "umekwenda." Hakuwa akizungumzia kioo.

Daktari mpasuaji, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha habari za mikono, aliuunganisha mshipa ule kwa saa nyingi. Aliponiambia ukubwa wa uzi wake niliona bora nikauze sindano zangu. Alipomaliza alimwambia, "Mwalimu, nimeshafanya yangu. Yaliyobaki unayajua." Yaliyobaki alikuwa anayajua kuliko wote. Mkuki kwa nguruwe.

Ndugu zangu, nimeona wagonjwa wakorofi. Nimemwona mtu aliyekula maharage ya mazoezi. Lakini Bwana Subiri aliwapita wote. Kwanza alikataa kutibiwa na mtu. Naibu wake, huyu tunayemwita Kimya kwa sababu maneno yake ya mwezi yanatosha kwenye kijiko, ndiye aliyepaswa kumhudumia. Alimfukuza. Akawa anajifungia chumbani na kujitibu mwenyewe, anajiuliza na kujijibu, tunamsikia kupitia mlango. "Unajisikiaje leo?" "Vizuri sana." "Endelea hivyo hivyo." Mganga hajigangi, lakini huyu wetu alijiganga, akajipima, akajipongeza, na alibakiza tu kujipa likizo.

Alisema vidole vinaendelea vizuri. Sote tukaamini, maana nani atabishana na mwenye chumba? Mpaka siku moja stoo kwangu nikanusa harufu nisiyoijua. Nikageuka. Alikuwa amesimama ameegemeza mkono kwenye pasi yangu ya moto, ananisimulia ujinga wa mhasibu, huku kidole cha shahada kinaiva. Hakuwa na habari. Mtu aliyebandika ukutani kwa maandishi makubwa KIDOLE CHENYE GANZI HAKIJUI MOTO! Nilimvuta, nikamwita mjinga, kisha nikamfunga bandeji, kisha nikamwita mjinga tena kwa sababu mara ya kwanza haikutosha. Mlango ukafunguka, Kimya akaingia, akakitazama kidole, akamtazama na yeye. Akasema, "Kesho saa tatu." Akatoka. Kesho yake saa tatu Bwana Subiri alikuwa kwenye kiti cha wagonjwa, amevaa banzi lake la kushikilia mkono, kimya kuliko Kimya.

Miezi ikapita. Alama za wino zikatambaa kutoka kifundoni hadi kiganjani, na kutoka kiganjani hadi mizizi ya vidole. Kila alipogongwa alitaka alama iwekwe mbele kidogo ya alipohisi. Kimya alikuwa anafuta na kuirudisha nyuma. Waligombana juu ya unene wa kucha kama watu wanaogombania shamba. Alipopewa mfuko kwa mara ya kwanza akatoa ufunguo papo hapo. Tulikaribia kushangilia. Kimya akaurudisha ufunguo mfukoni, akaja stoo, akaniomba niushonee koti la kitambaa, na kifuniko cha soda nacho, na sarafu nayo, vyote visilie. Maana yule bwana, mpiga kofi la fundi magari, alikuwa ameutikisa mfuko.

Mara ya pili, vitu vikiwa vimevaa nguo, alitoa harage akasema ni kifungo.

Kisha ikaja siku ya pini, mwaka huu mwezi wa tatu. Alikuja stoo kunisumbua, akaweka mkono kwenye mto wangu wa pini bila kutazama. Nikasikia tusi. Siliandiki. Ni tusi la kumtaja mama wa pini na ukoo wake. Sote wawili tukaganda. Maana pini ilikuwa imechoma mkono wa kulia, ncha ya kidole cha shahada, kidole kile kile kilichoiva juu ya pasi bila kupiga kelele. Na sasa kimepiga! Tangu nizaliwe sijasikia tusi tamu kama lile. Nilipiga kigelegele mpaka wagonjwa wa korido wakadhani kuna harusi.

Nikamwona hafurahi. Tone la damu lilikuwa kwenye kidole cha shahada. Yeye alikuwa ameshika cha kati, amekibana kwa nguvu, kana kwamba pini iko mle.

"Imenichoma hapa," akasema, na macho yake yanaona kwamba siyo hapo.

Nikamwambia si ndio wale wapangaji wapya, si ndiyo ile posta yako. Akaniambia, "Bibi, hayo ni maneno ya kuwaambia wagonjwa." Akachukua koti lake akaondoka. Hiyo ndiyo sentensi mbaya kuliko zote alizowahi kutamka hospitalini hapa, na alikuwa na nyingi za kuchagua.

Hakukaa tena kwenye kile kiti. Saa tatu ya Kimya ikawa inapita yeye yuko kwenye mkutano, yuko bohari, yuko msalani. Wagonjwa wa watu aliwahudumia kama kawaida, kwa mkono wa kushoto, akiwaambia subiri kwa sauti ambayo haikuwa na mtu ndani. Kuhusu mkono wake alisema umefika ulipofika.

Wiki iliyopita Mama Pacha alikuja stoo na kikapu. Hakuketi. Akatoa redio moja ya zamani, ya mbao, kitambaa cha mbele kimechakaa. Ninyi hamjui, lakini Bwana Subiri amejaza redio mbovu chini ya kitanda chao. Kila ya jirani iliyokufa aliibeba. Tangu pacha wakiwa wananyonya anasema, nitazitengeneza nikistaafu. Ni kitu pekee maishani mwake alichokubali kukingoja. Hii ya mbao ilikuwa ya marehemu baba yake.

"Ameniambia niite mnunuzi wa vyuma chakavu," Mama Pacha akasema. "Azichukue zote Jumamosi. Skrubu zinamdondoka, Bibi. Anaziokota zinamdondoka. Juzi amekaa sakafuni na hii ya baba yake mpaka nikamwita kula, hakuitika. Banzi amelitupa nyuma ya kabati. Anasema baada ya Ijumaa asisikie mtu yeyote akitaja mkono."

Nikamuuliza Kimya, kwa sababu mimi ni wa mashuka, mkono ukiachwa sasa itakuwaje. Alisema maneno mengi kuliko aliyosema tangu aajiriwe. Mshipa umefika, akasema, kazi ngumu ya kuota imekwisha. Lakini kichwa kisipofundishwa, habari zitabaki zinapotea njia. Mkono asioutumia, kichwa kitauzoea hivyo hivyo, kama mtu anavyozoea chumba kimoja cha nyumba kufungwa. Kikifundishwa, siyo lazima mkono urudi kama zamani. Ila skrubu ataijua. "Mwokaji alichukua muda," akasema. "Yeye ndiye aliyemfundisha mwokaji." Kisha akanyamaza, nadhani mpaka mwakani.

Kwa hiyo, wapendwa, hilo ndilo tunalomuaga nalo. Tunamuaga mtu aliyewarudishia watu vijiko, sindano, kalamu na usukani. Aliyekuwa na mdomo kama tupa na mkono mwepesi kama unyoya. Aliyemfuata mwokaji mpaka kwenye moto. Aliyemfundisha bibi mzima kusoma akiwa na mchanga kwenye kucha. Tunamshukuru kwa yote hayo, na kwa kofi la fundi magari pia, maana fundi mwenyewe yuko safu ya tatu na ameomba nilitaje. Asante, mwanangu Subiri. Umetufaa. Umetuudhi na umetufaa.

Sasa ninaongea na wewe, Bwana Subiri, kwa sababu najua uko mezani pa heshima, mgeni rasmi bado anasalimia, na wewe umekwisha kuruka kurasa zote umefika huku mwisho. Umekosa sifa zako, rudi uzisome nyumbani. Hili ni la sasa.

Usiangalie mlango wa nyuma. Seremala amekaa kwenye kiti mbele yake, na safari hii amewahi. Chini ya meza, karibu na mguu wako wa kulia, kuna kikapu cha mkeo. Redio ya baba yako imo. Mgongo wake uko wazi kwa sababu skrubu yake moja haipo. Imo kwenye mfuko mweusi alioushika Kimya, pamoja na ufunguo, harage, kifungo na wenzao, na kila chenye mdomo wa kupiga kelele nimekivika nguo. Kutikisa hakutakusaidia.

Faili lako bado liko wazi, mzee. Sisi tunamstaafisha mganga. Mgonjwa hajastaafu. Mnunuzi wa vyuma chakavu tumemwambia asije. Usipoipata skrubu leo, Kimya atakungoja saa tatu asubuhi Jumanne, na Jumanne inayofuata, na ukijificha kwa mwanao wa mbali nitakuja na mfuko chini ya kwapa, mbele ya wakwe zako, na unajua sina haya.

Tunakuombea maisha marefu, yenye redio zinazolia zote kwa pamoja mpaka Mama Pacha atukane. Ukumbi ni wetu hadi jioni. Mwokaji ameleta mikate, nayo ni laini.

Haya, fumba macho. Mkono wa kulia, siyo huo. Ikikwambia iko kwenye kidole cha kati, ujue ni posta, uliza tena.

Sisi tutasubiri.

Bibi wa Stoo ya Nguo